Jinsi ya Kuandika Hadithi ya Upelelezi ya Enzi za Reli Uganda: Anza na Mashine, Muuaji Atafuata

Wengi wanaojaribu hadithi ya upelelezi ya zamani huanza na maiti, wakamtafuta muuaji, na mwisho kabisa wakabandika garimoshi na taa ya chemli ili mambo yafanane na enzi hizo. Mashine zinabaki kama picha ukutani, na kesi yenyewe ingeweza kutokea juzi Kabalagala, mtaa wa Kampala, bila kubadilishwa neno. Hapa tunageuza mpango. Chagua mashine moja ya enzi za viwanda, ijue mpaka ujue inavyoharibika, kisha jiulize: mashine hii ilimpa nani nafasi mpya ya kudanganya, na ilimpa nani nafasi mpya ya kumnasa? Ukipata majibu mawili hayo, una muuaji na una mpelelezi.

Kuna sababu ya kuanza huko. Hadithi ya upelelezi yenyewe ni mtoto wa viwanda. London ilipata polisi wake wa mji mwaka 1829 na kikosi cha wapelelezi mwaka 1842; Edgar Allan Poe alichapisha hadithi yake ya kwanza ya aina hii mwaka 1841; kufika 1848 W. H. Smith alikuwa na kibanda cha vitabu katika stesheni ya Euston, na abiria wakawa wasomaji. Kijijini kila mtu anajua nani kapita njia ya mtoni asubuhi. Mjini, na kwenye behewa la treni, unakaa bega kwa bega na mtu usiyemjua jina, ukoo wala nia. Mpelelezi ni mtu wa kusoma alama pale ambapo jirani wa kusimulia hayupo.

Mfano halisi wa mashine kumnasa mtu ni wa John Tawell. Tarehe 1 Januari 1845 alimpa sumu Sarah Hart karibu na Slough, akapanda treni kwenda stesheni ya Paddington, London, akiamini hakuna kitu kinachoweza kuitangulia treni. Waya ukaitangulia. Sura yake na mavazi yake yalipelekwa kwa telegrafu: amevaa kama Mquaker (Quaker), mfuasi wa dhehebu la Kikristo lenye mavazi yake ya pekee. Mtambo ule haukuwa na herufi Q, kwa hiyo karani akaliandika neno hilo kwa KW. Upande wa pili walisita kidogo, wakaelewa, na askari akamfuata aliposhuka. Treni ilimpa njia ya kukimbia, telegrafu ikaifunga, na upungufu mdogo wa mtambo nusura umwokoe. Ukipata upungufu wa namna hiyo kwenye mashine yako, usiuachie.

Weka mwaka kabla ya jina la mhusika

Kosa linaloua hadithi hizi hapa kwetu ni kumpandisha mtu treni Mombasa mwaka 1905 na kumshusha Kampala. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, Desemba 1901. Kwa karibu miaka 30 baada ya hapo, mtu wa Kampala alivuka ziwa kwa meli. Mwaka 1912 ikafunguliwa reli fupi kutoka Jinja hadi Namasagali, ambayo haikuungana na ile ya Kisumu ila kwa meli. Treni ya moja kwa moja kutoka pwani ilifika Kampala mwaka 1931, baada ya daraja la Jinja. Pesa nazo: kabla ya 1920 mhusika wako analipa rupia, shilingi ya Afrika Mashariki inaanza 1921. Polisi wa Uganda kama jeshi la polisi wanaanza 1906.

Sisi tutachukua mwaka 1925, Busoga, msimu wa pamba. Pamba inachambuliwa kiwandani, inafungwa marobota, inapanda reli ya Namasagali hadi Jinja, inapakiwa melini hadi Kisumu, kisha treni hadi Mombasa. Kila mahali mzigo unapobadilisha chombo kuna karani, kuna daftari, kuna mtu anayeweza kusema uongo. Ni mahali pazuri mno kwa hadithi.

Mizani ya pamba: hesabu ndiyo damu

Mkulima alileta pamba yenye mbegu, ikapimwa, akalipwa kwa ratli (pauni ya uzito, karibu nusu kilo). Kiwandani mashine zilitenganisha nyuzi na mbegu. Kanuni ya kukumbuka: nyuzi ni takriban theluthi moja ya uzito. Ratli 1,200 za pamba mbegu hutoa robota moja la ratli 400, na mbegu ratli 800 hivi.

Sasa mpe karani wako daftari. Wiki hiyo ameandika manunuzi ya ratli 36,000. Nyuzi zinazotarajiwa ni ratli 12,000, yaani marobota 30. Lakini hati za reli zinaonyesha marobota 33 yamepakiwa. Marobota 3 ya ziada yametoka wapi? Yanahitaji ratli 3,600 za pamba mbegu ambazo hazijanunuliwa na mtu yeyote. Zilipokewa, hazikulipwa. Kwa kweli zilifika ratli 39,600, mizani ikasema 36,000. Mkulima aliporwa ratli 9 katika kila 100.

Mbinu yenyewe lazima iwe ya kuaminika. Chukua mizani ya jukwaa yenye mawe ya kutundika mwisho wa mkono. Jiwe likiongezewa uzito kwa sehemu moja ya kumi, kwa mfano kwa kutobolewa chini na kumiminwa risasi iliyoyeyushwa, litasimamisha mzigo mkubwa kuliko linavyosema. Wizi unaotoka hapo ni ileile 9 kwa 100. Na uzuri wake kwa mwandishi ni huu: mizani ikiwa tupu hakuna jiwe lililotundikwa, kwa hiyo mkono unasimama sawasawa. Mkaguzi akija, anaikuta mizani safi. Ili kuugundua wizi lazima apime jiwe lenyewe kwenye mizani nyingine, au agawanye kwa tatu.

Nani agawanye? Hapa ndipo mabadiliko ya jamii yanapoingia bila kuhutubiwa. Mpe kazi hiyo kijana wa shule ya misheni, mwana wa mkulima, anayejua kusoma hati ya reli na kufanya hesabu ya kugawanya. Baba yake aliuza pamba misimu kumi akihisi tu kwamba anaibiwa. Mtoto anaiona kwenye karatasi. Huyo ndiye marehemu wako, kwa sababu ni mtu wa kwanza katika ukoo ambaye elimu yake inaweza kumfunga mtu. Manung'uniko ya wakulima juu ya bei na viwanda vya pamba hayakuwa hadithi tu. Mwaka 1949 yalichangia ghasia kubwa Buganda. Usiwahishe mapambano hayo mwaka 1925, lakini msomaji wako anayajua, na yatampa uzito usiouandika.

Tahadhari moja: theluthi ni kadirio. Pamba ya msimu mmoja inaweza kutoa pungufu kidogo au zaidi kidogo. Tofauti ya robota moja haithibitishi kitu, na mtetezi wa karani atasema hivyo. Tatu katika thelathini haiponyoki.

Saa, na siku inayoanza jua linapotua

Ratiba ya reli na meli iliandikwa kwa saa za Kizungu. Watu waliopanda walihesabu saa za Kiswahili, na Waganda na Wasoga kwa lugha zao walihesabu vivyo hivyo. Tofauti ni saa 6 kamili, na ukiitumia vizuri ni ushahidi wa kutokuwapo uliotengenezwa tayari.

Ila usiitumie ovyo. Msomaji wa Kiswahili atauona mtego wako mara moja ukiandika kwamba shahidi alisema "saa tatu" na hakimu Mwingereza akadhani ni usiku wa manane. Uifiche kwenye maandishi. Karatasi ina tarakimu tupu, "saa 3 usiku", na msomaji hakumbuki kuuliza: ameandika nani, kwa lugha gani, akitazama saa ipi? Ili uwe mwaminifu kwake, mapema kabisa mwonyeshe karani huyo akitazama saa ya ukutani ya ofisi na kunakili mshale ulivyo, bila kuubadilisha kichwani. Sentensi moja, katikati ya shughuli nyingine. Basi.

Lililo bora zaidi, na ambalo sijui kwa nini waandishi wanaliacha, ni mpaka wa siku. Kwa Mswahili wa pwani siku huanza jua linapotua. "Usiku wa Ijumaa" kwake ni usiku ule tunaouita Alhamisi usiku. Fundi wa reli kutoka Mombasa anatoa ushahidi Jinja: "Nilimwona usiku wa Ijumaa, karibu na ghala." Askari, mtu wa bara, anaandika Ijumaa usiku. Hakuna aliyedanganya. Mshukiwa aliyepanda meli Ijumaa mchana anaachiwa huru, kwa sababu Ijumaa usiku alikuwa katikati ya ziwa. Mpelelezi anahitaji tu kumrudia fundi na kumwuliza: "Mzee, usiku huo ulikuwa kabla ya sala ya Ijumaa au baada yake?"

Angalia pia mwanga. Saa rasmi za Afrika Mashariki zilibadilishwa zaidi ya mara moja kabla ya hizi tulizo nazo, kwa hiyo usichukue saa ya jua kuchomoza ya leo ukaipeleka 1925. Andika "kiza kilikuwa hakijaondoka" na uachane na dakika.

Telegramu: lugha yetu inaficha zaidi ya Kiingereza

Telegramu ililipiwa kwa neno, kwa hiyo watu walikata kila kinachokatika. Kiswahili kinakatika kuliko lugha nyingi, na humo mna hazina. Soma hii:

UMEFIKA KISUMU

Nani amefika? Inaweza kuwa wewe. Inaweza kuwa mzigo. Kiambishi U- kinawabeba wote wawili, na anayeipokea ndiye anayejua. Polisi akiikuta mfukoni mwa marehemu ataisoma kama mtu anayeambiwa "najua umefika", akadhani marehemu alisafiri. Kumbe ni mzigo wa marobota 33 umetua, na hiyo ndiyo taarifa iliyomfanya kijana aanze kugawanya kwa tatu.

Vivyo hivyo A- ya "ameondoka na pesa" haisemi mwanamume wala mwanamke. Mwandishi wa Kiingereza hujipinda sana kuificha jinsia ya muuaji. Wewe unaificha kwa sarufi ya kawaida, na msomaji hawezi kukulaumu. Ila jihadhari na ngeli nyingine: ukiandika "kilimwangukia" umeshasema ni kitu cha KI-, na msomaji makini ataanza kuhesabu vitu vya KI- chumbani.

Makosa ya mtambo nayo yana kanuni zake. Katika Morse, alfabeti ya telegrafu ya nukta na mistari, 5 ni nukta tano. 4 ni nukta nne na mstari mmoja. Mkono wa karani aliyechoka ukiharakisha alama ya mwisho, 4 inageuka 5. Herufi B ni mstari na nukta tatu, na 6 ni mstari na nukta nne. Kosa la namna hii linaaminika. Kosa la 1 kugeuka 9 haliaminiki, kwa sababu 1 huanza na nukta moja na 9 huanza na mistari minne, na msomaji mmoja aliyewahi kujifunza Morse jeshini atakifunga kitabu chako. Makarani wa waya pia walitambuana kwa mwendo wa mkono, kama unavyomtambua mtu kwa hatua zake kabla hajabisha hodi. Karani wa Jinja anayesema, "Afande, ujumbe huu umetoka Kisumu, lakini aliyeugonga si karani wa Kisumu," ametoa ushahidi mzito bila kutazama karatasi.

Baiskeli kwenye barabara ya vumbi jekundu

Baiskeli ya magurudumu sawa ilitoka Uingereza mwaka 1885, na tairi la upepo la Dunlop mwaka 1888. Kufika 1925 inafaa kabisa kumpa karani. Alama zake baada ya mvua ni jambo unaloweza kulijaribu leo, na ulijaribu kweli kabla ya kuliandika, kwa kuwa vitabu vingi vimelikosea.

Kina cha alama hakikuambii ilikuwa ikielekea wapi. Tairi la nyuma hubonyeza zaidi kwa sababu linabeba mtu, na hupita juu ya alama ya mbele, lakini litafanya hivyo baiskeli ikienda Jinja au ikitoka Jinja. Mwelekeo unapatikana hivi. Tafuta mahali ambapo mwendeshaji aliyumba, alama mbili zikaachana. Alama inayoyumba zaidi ni ya mbele. Iliyotulia ni ya nyuma. Kwenye alama ya nyuma chagua nukta, nyoosha kamba kufuata uelekeo wa alama pale pale, mpaka ikutane na alama ya mbele. Pima urefu. Rudia kwenye nukta nyingine tatu au nne. Kisha fanya yote tena ukinyoosha kamba upande wa kinyume. Upande ambao urefu unatoka uleule kila mara ndio baiskeli ilikokwenda, na urefu huo ni umbali kutoka katikati ya gurudumu moja hadi katikati ya jingine, mita moja na kidogo. Upande wa pili vipimo vitarukaruka.

Sababu ni kwamba gurudumu la nyuma haligeuzwi na usukani. Daima linaelekea pale la mbele lilipo. Kujaribu, mwagia tairi zote maji, mwombe mtoto azunguke kwenye ua wa saruji, na uchukue kamba. Panapoharibika: alama iliyonyooka haikuambii kitu, na mvua ya pili inafuta kila kitu, kwa hiyo mpelelezi wako awahi.

Cherehani na vidole, kwa kifupi

Cherehani ya kawaida hushona kwa nyuzi mbili, wa juu na wa bobini. Mvuto wa uzi wa juu ukilegea, vitanzi hutokea upande wa chini wa kitambaa. Mshono wa mnyororo ni wa uzi mmoja. Ukivuta ncha sahihi wote unafumuka, kama mdomo wa gunia la sukari. Hivi ndivyo unavyoweza kuingiza kidokezo bila kukitangaza:

"Fundi, kanzu hii umeishona wewe?"

Fundi aliigeuza ndani nje, akapitisha ukucha kwenye mshono. "Afande, mimi nakaa baraza hii tangu rupia. Tazama chini huku, vitanzi vitupu. Cherehani yangu haiachi uzi mlegevu. Hii imeshonwa na mtu aliyekopa mashine." Akamrudishia, akachukua mafuta kumtilia mteja mwingine mashine yake.

Msomaji ataipita. Baadaye akikumbushwa ni nani alikopa mashine, atarudi mwenyewe kwenye ukurasa.

Alama za vidole zinavutia, lakini zitumie kidogo. Ofisi ya polisi ya Calcutta, India, ilianza kuziainisha mwaka 1897, Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London, mwaka 1901, na mwaka 1905 ndugu wawili wa Stratton walitiwa hatiani London kwa dole gumba moja kwenye sanduku la pesa. Gunia na mti usiorandwa ni nadra kuweka alama ya kufaa. Kioo cha chemli chenye masizi huiweka vizuri mno, na yaonekana kwa macho. Lakini alama bila ya kulinganisha nayo haina kazi. Mshukiwa awe ameweka dole gumba kwenye karatasi ya malipo mahali fulani, nawe uwe umeionyesha karatasi hiyo mapema.

Kuzipanga kurasa

Andika kwanza ratiba ya muuaji, saa kwa saa, kwenye karatasi moja ambayo msomaji hataiona kamwe. Kisha ya kila mshukiwa. Kwa hadithi ya maneno 6,000 washukiwa wanne wanatosha na vidokezo vitano, viwili kati yake vya kupoteza njia. Kidokezo kikuu kiwe kimepita kabla ya maneno 2,000 kwisha, na kipite kikiwa na kazi nyingine: mizani ionekane wakati wa ugomvi wa wanunuzi, telegramu isomwe wakati mtu anamwaga chai.

Uchawi na mizimu viwepo, kwa kuwa watu wa Busoga mwaka 1925 wangevitaja, lakini visitatue chochote. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alituonyesha njia hiyo alipomleta mpelelezi wake Bwana Msa katika riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, 1960: wengine wanatazama mzimu, yeye anatafuta mtu.

Ukimaliza, wape wasomaji watano hadithi bila sura ya mwisho, na kila mmoja aandike jina la muuaji na ukurasa uliomfanya amshuku. Wote watano wakimtaja, na ukurasa wao ni uleule, kichimbie kidokezo hicho ndani zaidi. Asipomtaja hata mmoja, usiongeze kidokezo. Rudi kwenye kile cha kwanza uone kama mashine yako ilieleweka. Mara nyingi msomaji hakushindwa na fumbo. Hakuambiwa kwamba ratli 1,200 hutoa 400.